Maswali na majibu: katuni za kuvuka dunia, kuzitazama na kuzitengeneza

Barua za safari hii zimetoka Nakuru hadi Busia. Nusu zinahusu Rick and Morty, katuni ya watu wazima ya mzee mwanasayansi na mjukuu wake wanaoruka kutoka dunia moja hadi nyingine kwa bastola ya kufungua malango. Nusu nyingine zimetoka kwa watu wanaotaka kutengeneza katuni za aina hiyo hapa kwetu, na hizo ndizo tulizozipa nafasi kubwa. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimekuwa nikitazama Rick and Morty vipande vipande, leo msimu wa 3, kesho wa 1. Sasa sijui nani amekufa na nani yu hai. Ni lazima nirudi mwanzo? (Kondele, Kisumu)

Si lazima umalize vyote. Katuni hii ilianza tarehe 2 Desemba 2013, na msimu wa 8 ulipomalizika mwaka 2025 vipindi vilikuwa vimefika 81. Vingi vinajitegemea: tatizo linazuka, linatatuliwa, yameisha. Hadithi kubwa imebebwa na vichache, na hivyo ndivyo vya kutazama kwa mpangilio. Msimu wa 1, tazama cha 1, cha 6, cha 8 na cha 10. Msimu wa 2, cha 10. Msimu wa 3, cha 1 na cha 7. Kisha msimu wa 5 kipindi cha 10, wa 6 kipindi cha 1, na wa 7 kipindi cha 5. Ni vipindi kumi vya dakika 22 hivi, yaani chini ya saa nne. Ukitazama kwa ubora wa kati, unaokula kama GB 0.7 kwa saa, tenga bando la GB 3.

Kinachokuchanganya kimo katika kipindi cha 6 cha msimu wa 1. Dawa ya mapenzi ambayo Rick anamtengenezea Morty inakutana na virusi vya homa, watu wa dunia nzima wanageuka mazimwi, na kila dawa mpya inazidisha mabaya. Rick anaacha kuirekebisha dunia hiyo. Anatafuta nyingine inayofanana nayo ambamo Rick na Morty wa huko wamekufa dakika ileile, wanaingia, wanazika miili yao wenyewe nyuma ya nyumba, na maisha yanaendelea. Tangu hapo, wazazi unaowaona si wale wa kipindi cha kwanza. Ukikiruka hicho, mengi ya baadaye hayatashikana.

Mbona sauti ya Rick imebadilika? (Njoro)

Waigizaji wamebadilika. Hadi msimu wa 6, Rick na Morty wote wawili walikuwa sauti ya Justin Roiland, aliyeianzisha katuni hii pamoja na Dan Harmon. Adult Swim, kituo cha Marekani kinachoirusha, ilikatisha uhusiano naye Januari 2023. Kuanzia msimu wa 7, Rick ni Ian Cardoni na Morty ni Harry Belden. Jerry, Beth na Summer wamebaki na sauti zao za mwanzo. Cardoni ameshika vizuri jinsi Rick anavyokatiza sentensi kwa kucheua, jambo gumu kuliko kuiga sauti yenyewe.

Mwanangu ana miaka 12 na anasema hii ni katuni tu kama nyingine. Nimwachie? (Mama, Nakuru)

Hapana, mama, usimwachie. Kipindi cha 5 cha msimu wa 1 kina jaribio la kumdhulumu Morty kingono ndani ya choo. Kipindi cha 3 cha msimu wa 2 kinaishia Rick akijaribu kujiua. Pombe iko karibu kila mahali, na damu haihesabiki. Marekani, vipindi vyake hupewa daraja la TV-14 au TV-MA. Hapa kwetu Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutumia GE, PG, 16 na 18, na kwa maoni yetu hakuna kipindi cha Rick and Morty kinachofaa mtoto asiyefika 16.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwenye programu ya kutazamia filamu, mfungulie mtoto wasifu wa watoto, halafu uweke PIN kwenye wasifu wako. Wazazi wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, na mtoto anagusa tu jina la mama na kuingia. Kwenye king'amuzi, badilisha PIN iliyokuja nacho kutoka kiwandani. 0000 na 1234 watoto wanazijua. Kwenye YouTube washa hali ya vizuizi, maana vipande vya dakika mbili tatu vya katuni hii vimejaa huko. Kisha ukague flashi. Filamu iliyonakiliwa haina daraja wala PIN, na ndiyo njia inayopita mitaani zaidi.

Usitegemee saa za kulala. Kanuni ya kutopeperusha vipindi vya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku inahusu vituo vya utangazaji, si simu. Ikiwa ana wadogo zake nao wanaomba katuni za sayansi, Super Sema ilitengenezwa Kenya, imekuwa YouTube tangu 2021, na ni ya watoto kwelikweli.

Ninasoma fizikia Maseno. Wenzangu wanasema Rick and Morty imejengwa juu ya sayansi halisi. Kiasi gani ni kweli? (Maseno)

Kuna mawazo mawili ya kweli ambayo hayahusiani, na katuni imeyafunga kwenye bastola moja.

La kwanza ni la Hugh Everett III, aliyependekeza katika tasnifu yake ya Princeton mwaka 1957 kwamba kipimo cha kwanta (fizikia ya chembe ndogo mno) hakichagui tokeo moja na kuyatupa mengine. Yote hutokea, kila moja katika tawi lake. Bryce DeWitt ndiye aliyelieneza wazo hilo miaka ya 1970. Lakini angalia mipaka yake. Matawi yakishatengana hayawasiliani tena kwa namna yoyote tunayoweza kuitumia, kwa hiyo hakuna wa kumtembelea. Tena matawi hutokana na matukio ya kwanta, si uamuzi wako wa kupanda matatu au boda. Katuni hizi huchukulia kila uamuzi wa mtu kuwa dunia mpya. Hiyo ni hiari ya waandishi.

La pili ni lango. Albert Einstein na Nathan Rosen waliandika mwaka 1935 kuhusu daraja linalounganisha sehemu mbili za anga-wakati. Mwaka 1962 Robert Fuller na John Wheeler walionyesha kwamba daraja la namna hiyo hujifunga kabla hata mwanga haujavuka. Kulishikilia wazi kunahitaji maada yenye nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukipata.

Ule ukuta wanaouita Central Finite Curve, unaozitenga dunia ambamo Rick ndiye mwerevu kuliko wote, ni ubunifu mtupu. Hata hivyo ni ubunifu mzuri sana, kwa kuwa unaeleza kwa nini kila Rick tunayekutana naye ana kiburi kilekile.

Mimi na walimu wenzangu tunaandika katuni ya vichekesho ambamo wahusika wanavuka dunia. Kicheko kipo kurasa mbili za kwanza kisha kinakufa. Mhusika akifa tunamleta mwingine kutoka dunia ya pili na hakuna anayejali. Kasoro iko wapi? (Homa Bay)

Mwalimu, kasoro umeitaja mwenyewe: lango lenu halina gharama. Katika hadithi za aina hii uhuru ni adui. Mtazamaji akishajua kwamba lolote linawezekana, hana tena sababu ya kuogopa wala kutarajia, na asiyetarajia hacheki.

Kabla ya ukurasa wa kwanza andikeni sheria tatu, zisizidi, za kulibana lango na hadithi yenu. Kwa nyinyi mlio Homa Bay, sheria ya kwanza iko jirani. Ziwa Simbi Nyaima, pale karibu na Kendu Bay, lina hadithi ya bibi kizee aliyefika kijijini usiku, akanyimwa pa kulala, na kijiji kikazama. Wekeni lango lenu hapo na mseme kwamba halimfungukii mtu aliyemfukuza mgeni. Mtazamaji wa huko hahitaji kuelezwa. Tazama sasa sheria hiyo inavyozaa vichekesho yenyewe: mhusika mchoyo amekwama dunia ya pili, analazimika kutafuta mgeni wa kumkaribisha ili arudi kwao, na kila anayemkaribisha anakataa kwa sababu Mchoyo wa dunia hiyo anajulikana kijiji kizima.

Sheria ya pili: kila dunia ibadilike jambo moja tu, na jambo hilo mlifuate mpaka jikoni. Chukueni mpaka. Kisumu ilipofikiwa na reli Desemba 1901 ilikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye, mwaka 1902, na ulikuwa umefika hadi upande wa Naivasha. Basi andikeni dunia ambamo uhamisho huo haukufanyika. Mhusika wenu msimtangazie kwa mdomo kwamba hapa ni Uganda. Mpelekeni stejini. Konda anakataa noti yake. Lori la viazi kutoka Molo limesimama forodhani karibu na Naivasha, dereva ana fomu tatu mkononi na viazi vinaanza kuchipuka. Kitambulisho cha mhusika kimetolewa na serikali ambayo afisa wa mpaka anaijua kama jirani, na sehemu ya kuzaliwa imeandikwa Nakuru. Afisa anakisoma mara mbili, anageuza nyuma, anamwita mkubwa wake. Hapo hamjaandika mzaha wowote na ukumbi umeshaanza kucheka.

Sheria ya tatu ndiyo inayotibu ugonjwa wenu: lazima mtu akumbuke. Rudini kwa yale makaburi ya Rick and Morty. Kipindi cha 6 cha msimu wa 1 kinamaliza kwa kuyachimba. Kipindi cha 8, dada yake Morty anataka kutoroka nyumbani, na Morty anamwonyesha dirishani mahali alipozikwa yeye mwenyewe, kisha anamwambia kwamba kila asubuhi hupata kifungua kinywa hatua chache kutoka kwa maiti yake. Kifo kilichoonekana mzaha vipindi viwili nyuma ndicho kinachomzuia dada asiondoke. Kwa hiyo kila mkimbadilisha aliyekufa, andikeni mtu mmoja anayejua, na kurasa chache mbele mahali ambapo kujua huko kunabadilisha uamuzi. Pakikosekana, kifuteni kifo hicho.

Kwa muundo, Harmon hutumia duara la hatua nane: mhusika yuko kwake, anahitaji kitu, anavuka, anahangaika, anakipata, analipa, anarudi, amebadilika. Chukueni muswada wenu na mwandike nambari pembeni, 1 hadi 8. Miswada inayokufa ukurasa wa tatu kwa kawaida haina 6. Wahusika wanapata walichotaka, wanarudi, na hakuna aliyelipa.

Tuko wanne, tuna laptopu moja ya RAM GB 8, tableti ndogo ya kuchorea na simu. Tunataka katuni ya dakika 3. Tumechora fremu kwa fremu kwa wiki tatu na tuna sekunde 9 tu. (Kakamega)

Vijana wetu, acheni fremu kwa fremu, yaani kuchora kila picha ya video peke yake, leo hii. Hesabu ni hii: dakika 3 ni sekunde 180, na kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 4,320. Hata mkishikilia kila picha fremu mbili, bado mnadaiwa picha 2,160. Mkichora 40 kwa siku bila kupumzika ni siku 54, na hapo hamjagusa mandhari.

Njia inayowafaa ni ya vikaragosi vya vipande. Mhusika anachorwa mara moja katika vipande, vipande vinafungwa kwenye mifupa, kisha mnasogeza mifupa. Rick and Morty yenyewe ilianza hivyo, kwa programu ya Toon Boom Harmony, katika studio ya Bardel huko Vancouver. Nyinyi tumieni programu ya Blender, sehemu yake ya kuchorea iitwayo Grease Pencil, haina malipo. Krita, programu ya kuchora, ni nzuri kwa mandhari, lakini msihuishe (msiipe michoro mwendo) humo. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa ni kama MB 8, kwa hiyo fremu 300 zinakula GB 2.5 za RAM na laptopu yenu itaanza kukwama. Grease Pencil huhifadhi mistari, si picha, na faili yake hubaki ndogo. Kama kadi ya picha ya laptopu haifikii OpenGL 4.3 (kiwango cha uwezo wa kuchora picha), Blender mpya haitafunguka. Pakueni toleo la 3.6.

Mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu. Someni skripti kwa sauti huku mmoja ameshika saa, mkaikate hadi dakika 2 na sekunde 40. Hizo 20 zilizobaki ni za kimya, na vichekesho vinakufa bila kimya. Rekodini sauti kabla ya kuhuisha chochote. Kisha chora storibodi ya picha zisizosogea, shoti ya sekunde 4 au 5, zitakuwa shoti 36 hadi 45. Zipangeni juu ya sauti mpate animatiki, muitazame na watu wasioijua hadithi. Pale wanapoangalia simu, kateni. Kukata shoti kwenye animatiki hakugharimu kitu, na kukata ile iliyokwisha kuhuishwa ni kutupa juma la mtu.

Wahusika wasizidi watatu, mandhari sita. Kila mhusika achorwe akitazama mbele, upande, na robo tatu, na hiyo ya robo tatu ipewe muda mwingi kwa kuwa mazungumzo karibu yote yatakuwa humo. Vipande: kichwa, macho, mboni, kope, nyusi, midomo tisa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, paja, mguu wa chini, wayo. Viganja chora vitano: kilicholegea, kilichofumba, kinachoonyesha, kinachoshika, kilichokunjuka. Mbele za watu, vicheko vingi huletwa na nyusi na viganja, msiviharakishe.

Kiwiko ndipo wanaoanza hukwama. Ukikata mkono kwa mstari ulionyooka, ukiukunja pengo jeupe linafunguka. Malizia kila kipande kwa nusu duara yenye upana uleule wa mkono, vipande viwili vilaliane, na kiungo cha mfupa kikae katikati kabisa ya duara hilo. Kiungo kikisogea kidogo tu, kiwiko kitachomoza kila mkono ukipanda.

Kila kipande kiwe leya (tabaka la mchoro) yake, na leya ifungwe kwa mfupa wake. Kwa midomo, chora yote tisa katika leya moja, kila mmoja kwenye fremu yake, kisha tumia kirekebishi cha Time Offset katika hali ya Fixed Frame, kikiwa kimewekewa mpaka wa leya hiyo pekee. Nambari ya fremu ndiyo inachagua mdomo. Fanyeni funguo zake zote (alama za mabadiliko kwenye mstari wa muda) kuwa Constant. Mkisahau, Blender itapita midomo yote iliyo kati ya wa 2 na wa 7, na mhusika ataonekana anatafuna.

Lango lichoreni mara moja: picha 12, kila moja fremu mbili, ni sekunde moja inayojirudia. Mlitumie katuni nzima, na misimu ijayo pia.

Gawaneni hivi: mmoja vikaragosi, mmoja mandhari kwenye tableti, mmoja sauti na uhariri kwa simu mpaka laptopu ipatikane, wa nne storibodi kisha kuhuisha. Laptopu isikae bila mtu.

Tumefuata mwongozo wa Kiingereza wa kulinganisha mdomo na maneno lakini Kiswahili chetu kinaonekana kimechelewa. (Siaya)

Mna makosa mawili yanayokutana. Programu nyingi za kazi hii zinatambua maneno ya Kiingereza, na zikipewa Kiswahili hukisia ovyo. Rhubarb Lip Sync, ya bure, ina njia ya pili inayosikiliza sauti bila kujali lugha. Amri ni hii:

rhubarb -r phonetic -o midomo.txt sauti.wav

Inapokea WAV au Ogg, si MP3. Inatoa herufi za midomo, nazo zinakaa hivi kwa Kiswahili: A ni m, b, p. B ni i pamoja na s, t, k, n. C ni e. D ni a. E ni o. F ni u na w. G ni f na v. H ni l. X ni kimya. Kiswahili kinawarahisishia kazi, kwa kuwa irabu ni tano na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mkiweka irabu sawasawa, konsonanti nyingi mnaweza kuziacha.

Usiache m, b na p. Katika "mtu" au "mbona" midomo lazima ifungwe fremu mbili angalau. Ikifungwa moja jicho halioni, na hapo ndipo watu husema mdomo hauendani. Kisha sogezeni midomo yote itangulie sauti kwa fremu 1 au 2. Mdomo wa mtu hujiandaa kabla sauti haijatoka, na hilo ndilo linaloondoa hisia ya kuchelewa.

Sauti zetu zina mwangwi, na mvua ikinyesha kwenye mabati tunaacha kazi. (Bungoma)

Mvua hamtaishinda, ya upande wetu hupenda mchana na jioni, basi rekodini kati ya saa tatu na saa sita asubuhi. Mwangwi unatokana zaidi na kuta tupu zinazotazamana. Pigeni kofi moja chumbani: mkisikia mlio unaotetema, chumba hakifai. Simamisheni godoro nyuma ya anayesema, si nyuma ya maikrofoni tu, maana maikrofoni inatazama kule, na blanketi ubavuni. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20, maikrofoni ikiwa kando kidogo ili p na b zisipulize.

Rekodini kwa 48 kHz, WAV, vilele vikiwa kati ya -12 na -6 dB. Mhusika anayepiga kelele mrekodini peke yake baada ya kupunguza kiwango. Sauti iliyopasuka haitengenezeki. Anayerekodi kwa simu akiwa mbali asitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaobana sauti. Aitume kama faili ya kawaida, kwa sehemu ya hati.

Tunaweza kuwatumia Rick na Morty wenyewe, wakizungumza Kiluhya, tukaweka YouTube na kupata pesa? (Vihiga)

Msifanye hivyo. Sura, majina na michoro ni mali ya wenyewe, na kubadilisha lugha hakuwapi haki. Wazo la babu na mjukuu kuvuka dunia halina mwenyewe, basi chora watu wenu. Kazi yenu inalindwa na sheria tangu mnapoichora, na mnaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili muwe na cheti kukizuka ubishi. Mkitaka kuionyesha hadharani ukumbini, ipelekeni kwanza ikaainishwe na bodi ya filamu.

Stima ilipotea usiku tukirenda, yaani laptopu ikigeuza mradi kuwa video. Tulikuwa fremu ya 3,100 kati ya 4,320 na sasa faili ya MP4 haifunguki kabisa. Tumepoteza yote? (Busia)

Faili hiyo, pole, iacheni. MP4 huandika faharasa yake mwishoni, na ikikatwa kabla ya hapo hakuna kicheza video kinachojua fremu ziko wapi. Mradi wenyewe haujapotea: Blender hujihifadhia nakala kila dakika 2 msipoibadilisha, tafuteni kwa File, Recover, Auto Save.

Safari hii msirende video. Rendeni picha za PNG, kila fremu faili yake, katika folda yake. Kwenye mipangilio ya Output ondoeni alama ya Overwrite. Stima ikirudi, futeni picha ya mwisho kwa kuwa huenda iliandikwa nusu, kisha anzeni kurenda tena. Blender itaziruka zilizopo na kuendelea ilipoachia. Mkikisia nusu MB kwa picha, tayarisheni kama GB 2.2 za nafasi. Picha zikikamilika, ziunganisheni na sauti kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri:

ffmpeg -framerate 24 -i picha_%04d.png -i sauti.wav -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac katuni.mp4

Msiache yuv420p, kwa sababu bila hiyo video hucheza kwenye laptopu na kukataa kwenye simu nyingi. Majina ya picha yaanze na 0001, la sivyo ongezeni -start_number na nambari ya picha ya kwanza kabla ya -i. Na kabla ya kulala zimeni ile hali ya laptopu kujilaza baada ya nusu saa, muinue juu ya vitabu viwili hewa ipite chini, kwani kurenda usiku kucha kitandani juu ya blanketi huipasha joto mpaka ijizime yenyewe, na mtadhani ni stima tena.